Tukiondoka Mezani, Tunaacha Nini?





Mwezi huu tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo baadhi ya wasomaji wetu wataliona dogo. Huenda wakajiuliza imekuwaje ukurasa huu, uliozoea kujadili tauhidi, elimu na hali ya umma, ukashuka mpaka kwenye sahani na mifupa. Tunamwomba msomaji awe na subira, kwani tumelazimika kulizungumza jambo hili baada ya kulishuhudia kwa macho yetu, na sisi wenyewe tukiwa miongoni mwa wakosaji.

Ilikuwa siku ya semina. Tangu asubuhi tulikuwa msikitini tukisomeshwa juu ya ikhlasi na haki za Muislamu kwa nduguye. Baada ya sala ya Adhuhuri darasa liliahirishwa, tukatoka kundi la watu wapatao ishirini kwenda kula katika mgahawa ulio jirani na msikiti. Tukaunganisha meza nne, tukaagiza pilau, samaki wa kupaka na wali kwa maharage, tukala huku mjadala wa asubuhi ukiendelea. Mhudumu alikuwa mmoja, kijana wa Kiislamu, akienda na kurudi kati yetu na dirisha la jikoni. Aliitwa kwa kupigiwa makofi, aliitwa kwa mluzi, aliitwa “wewe”. Hatukumsikia yeyote kati yetu akimuuliza jina lake. Tulipokwisha kushiba hatukuondoka. Tuliendelea kukaa na kuzungumza, na watu wengine wamesimama mlangoni wakingoja nafasi.

Ilipoadhiniwa Alasiri tukainuka kwa pamoja kama ndege waliotupiwa jiwe. Nyuma yetu tuliacha miiba ya samaki juu ya kitambaa cha meza, karatasi za kufutia mikono zimetumbukizwa ndani ya glasi, vijiti vya meno ndani ya kisahani cha chumvi, maganda ya ndizi chini ya viti, na sahani tatu za pilau zilizoguswa juu juu tu. Mmoja wetu alikuwa amenawa mikono ndani ya sahani ambayo bado ilikuwa na chakula.

Tukawahi safu ya kwanza. Imamu alipotoa salamu, yule kijana aliinuka nyuma yetu kukamilisha rakaa tatu zilizompita, mikono ya shati lake imekunjwa, naye bado ananukia sabuni na samaki. Mmoja wetu, kwa nia njema kabisa, alimuuliza kwa nini amechelewa jamaa ilhali msikiti uko hatua chache kutoka kazini kwake. Akajibu kwa adabu: “Nilikuwa naondoa meza zenu, shekhe. Kulikuwa na wateja wanasubiri.” Hakusema zaidi ya hayo, na hakuna aliyekuwa na neno la kumjibu.

Ndugu Waislamu, tunalijua lile alilotufundisha Mtume (s.a.w.), kwamba lau watu wangelijua fadhila zilizomo katika adhana na safu ya kwanza, kisha wasipate njia ila kupiga kura, basi wangepiga kura. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, na wengi wetu tumeihifadhi. Lakini siku ile sisi tuliifikia safu ya kwanza kwa kumwachia ndugu yetu mzigo uliomzuia kuifikia. Je, hiyo ndiyo ikhlasi tuliyosomeshwa asubuhi?

Tunachotaka kukisema katika tahariri hii ni hiki: namna tunavyoiacha meza ya mgahawa ni suala la haki ya mja. Usafi na ustaarabu vimo ndani yake, lakini msingi wake ni kwamba kila tunachokiacha ovyo kitaokotwa na mkono wa mtu, na mtu huyo ana haki juu yetu.

Wapo watakaosema kuwa adabu za mezani ni mambo ya Wazungu yaliyokuja na uma na kisu. Huku ni kutoijua dini yetu. Imamu Bukhari ametenga kitabu kizima ndani ya Sahihi yake kwa ajili ya vyakula na adabu zake. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na mwaka 1111 Miladia, alipomaliza robo ya ibada katika Ihyaa Ulumuddin na kuingia robo ya desturi za maisha, mlango wa kwanza aliouweka ni wa adabu za kula. Umar bin Abi Salama (r.a.) amesimulia kwamba alipokuwa mtoto katika malezi ya Mtume (s.a.w.), mkono wake ulikuwa ukizunguka ndani ya sahani. Mtume akamfundisha mambo matatu: alitaje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Jambo la kwanza ni haki ya Mola, na la tatu ni haki ya wale anaokula nao. Mtoto yule alifundishwa yote mawili kwa pumzi moja, wala hakuambiwa kwamba la pili ni dogo.

Kuhusu anayetuhudumia, mafundisho ni bayana zaidi. Abu Huraira (r.a.) amepokea kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba mtumishi anapomletea mmoja wetu chakula, basi amkalishe ale naye, na kama hakumkalisha, ampe walau tonge moja au mawili, kwa kuwa yeye ndiye aliyepata taabu ya joto lake na matayarisho yake. Tutazame sababu iliyotajwa. Mtume (s.a.w.) aliliona joto la jiko ambalo mlaji halioni. Na Abu Dharr (r.a.) amesimulia kwamba watumishi wetu ni ndugu zetu ambao Mwenyezi Mungu amewaweka chini ya mikono yetu, tusiwakalifishe wasichokiweza, na tukiwakalifisha basi tuwasaidie. Anas bin Malik (r.a.) alimtumikia Mtume miaka kumi, na ameshuhudia kwamba katika muda wote huo hakuwahi kuambiwa hata neno la kuonyesha kuchoshwa naye. Sisi tulikaa na yule kijana saa moja na nusu tu, na hatukuyafikia hata maamkizi.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni moja: “Nimelipa. Naye analipwa mshahara kwa kazi hiyo.” Ni kweli, tumelipa. Tumelipia chakula, tumelipia kupikiwa, kuletewa na kuondolewa vyombo. Lakini bei iliyoandikwa ubaoni haikununua ruhusa ya kumdhalilisha mtu. Kuondoa sahani ni kazi ya mhudumu, wala hakuna anayemtaka mteja aingie jikoni kuosha vyombo. Ila kuchambua miiba iliyosambazwa juu ya kitambaa, kuchokonoa karatasi zilizolowa ndani ya glasi na kumwaga maji machafu yaliyochanganyika na wali ni mzigo tuliouzua sisi kwa uzembe wetu, nao haukuwamo katika bei. Wengine husema tukisafisha tutawanyang’anya watu kazi zao. Bado hatujamwona mhudumu aliyefukuzwa kazi kwa sababu wateja wake walikusanya mifupa kwenye sahani moja.

Tena tukumbuke hadithi ya mufilisi, iliyopokewa na Muslim. Mufilisi wa umma huu ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka, lakini akaja pia na dhuluma za watu: huyu alimtukana, yule alikula mali yake. Thawabu zake zitagawanywa kwa aliowadhulumu mpaka zimalizike. Watu wengi huisoma hadithi hii wakidhani inawahusu majambazi na watawala madhalimu. Mbona waliotajwa ndani yake ni watu wenye sala zao?

Haki ya pili iliyomo mezani ni haki ya neema yenyewe. Katika Sura Al-A’raf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kula na kunywa na akatukataza kufanya israfu. Katika Sura Al-Israa, aya ya 26 na ya 27, amewataja wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuisafisha sahani, kwa kuwa hatujui ni sehemu gani ya chakula chetu yenye baraka, na tonge likianguka tuliondolee uchafu tulile, tusimwachie shetani. Leo miongoni mwetu kuna anayeona aibu kuikomba sahani yake mbele ya watu, akahofia kudhaniwa kuwa ana njaa, na hakuna aibu anayoiona kwa nusu sahani inayokwenda jaani.

Na jaa hilo si dogo. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, yaani karibu sehemu moja katika kila tano ya chakula kilichokuwa tayari kwa walaji. Migahawa, hoteli na watoa huduma za chakula walichangia tani milioni 290. Majumba yetu yalichangia zaidi: tani milioni 631. Wahenga walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Wala isidhaniwe kuwa hii ni dhambi ya matajiri wa mbali peke yao. Ndoo ya makombo iliyo nyuma ya mgahawa wa mtaani kwetu inatosha kuwa shahidi.

Haki ya tatu ni ya wale wanaongoja. Katika Sura Al-Ahzab, aya ya 53, waumini walifundishwa kuwa wakialikwa katika nyumba ya Mtume waingie, na wakisha kula watawanyike, wasikae kujiburudisha kwa mazungumzo. Aya hiyo iliteremka kutokana na wageni waliobaki wamekaa baada ya walima wa Bibi Zainab bint Jahsh (r.a.), na Mtume (s.a.w.) akaona haya kuwaambia waondoke. Sababu ya kuteremka kwake ni mahsusi, lakini adabu iliyomo ndani yake inatufaa sisi tunaoshika meza saa nzima kwa kikombe kimoja cha chai, wakati wa mchana ambapo mwenye mgahawa anategemea wateja wa saa mbili hizo kupata riziki ya siku. Naye pia huona haya kutuambia tuondoke.

Tukiuliza tabia hii imetoka wapi, tusiitafute mbali. Imetoka nyumbani. Mwanamume aliyezoea kuinuka mkekani na kuacha sahani pale alipokaa, akijua kwamba mke, dada au binti wa kazi ataiondoa, hawezi kuwa mtu mwingine anapofika mgahawani. Kijana aliyekulia katika nyumba ambayo wasichana huondoa vyombo na wavulana huangalia mpira atakuwa mteja wa aina hiyo hiyo. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini ndani ya nyumba yake, alijibu kwamba alikuwa katika kazi za kuwahudumia ahali zake, na wakati wa sala ulipoingia alitoka kwenda kusali. Hadithi hii imo katika Bukhari. Sisi tunaojinasibu na kuihuisha Sunna tumeshughulika sana na urefu wa kanzu na namna ya kuweka mikono katika sala, na mambo hayo yana mahali pake. Je, Sunna hii ya kutumika nyumbani tumeihuisha kwa kiasi gani?

Basi tuyataje mambo yaliyo wazi, ambayo kila mmoja wetu anaweza kuyaanza leo.

Tunapoingia mgahawani tumsalimu anayetuhudumia kabla ya kumtuma. Tumwite kwa jina lake, au kwa “ndugu yangu”, “kaka”, “dada”, “mama”, kama umri wake unavyostahili. Makofi na miluzi tuwaachie wachunga mifugo.

Tuagize tunachoweza kukimaliza. Tukipenda kuongeza, tuongeze baadaye. Mtume (s.a.w.) ametuambia kuwa chakula cha wawili kinawatosha watatu. Kikibaki kilicho safi, tuombe kufungiwa tuondoke nacho, wala hakuna fedheha ndani yake. Na chakula kikiwa hakikutupendeza, tukumbuke kuwa Mtume (s.a.w.) hakuwahi kukitia chakula kasoro: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Kama pana kosa la kweli, mwenye mgahawa aambiwe kwa upole na faragha.

Mifupa na miiba tuiweke katika kisahani kimoja. Karatasi zilizotumika zikae pamoja, zisitiwe ndani ya glasi wala ndani ya mchuzi. Tusinawe ndani ya sahani. Penye sinki tunawe kwa utulivu, na tusipenge kamasi wala kutoa makohozi mbele ya watu wanaokula. Kilichomwagika tukifute au tumjulishe mhudumu, maana nzi hawachelewi, na nchi zetu zinakijua kipindupindu vya kutosha. Ila tusirundike sahani zenye mabaki moja juu ya nyingine tukidhani tunasaidia, kwani huchafuka juu na chini, na kazi ya muosha vyombo huwa maradufu. Tukitaka kusaidia, tumuulize mhudumu vyombo avitakavyo. Kwa mama lishe, ambaye mara nyingi ndiye mpishi, ndiye mhudumu na ndiye muosha vyombo, kumrudishia sahani mkononi ni msaada anaoujua thamani yake.

Mwisho, tumshukuru Mwenyezi Mungu kisha tumshukuru aliyetuhudumia. Abu Umama (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa na dua yake ya kumhimidi Mola pale sufra yake inapoinuliwa. Maana yake ni kuwa hata wakati wa kuondolewa kwa chakula una ibada yake, nasi tumeufanya kuwa wakati wa kukimbia.

Kwa ndugu zetu wenye migahawa nao tuna neno. Mteja ana makosa yake, lakini mhudumu mmoja kwa meza kumi ni kosa la mwajiri. Mpangieni mfanyakazi wenu zamu atakayoweza kusali ndani yake. Mlipeni ujira wake kwa wakati, kwani mmekwisha kuisikia hadithi ya kumlipa mwajiriwa kabla jasho lake halijakauka. Wala msimkate mshahara kwa glasi iliyovunjwa na mteja.

Na kwa viongozi wa jumuiya yetu, tunaomba jambo hili liingie katika ratiba za semina, futari za pamoja na walima. Mara ngapi baada ya futari ya msikitini tumesimama kusali Magharibi na kuwaachia watoto wa madrasa au akina mama sinia, maganda ya tende na mikeka iliyolowa uji? Wapangwe watu wa kuondoa vyombo, na katika orodha hiyo wawemo masheikh na wenye vyeo. Kiongozi akionekana amebeba sinia, vijana hawatahitaji hotuba.

Wenzetu wa Singapore, baada ya kampeni za miaka kadhaa za kuwahimiza watu kurudisha sinia zao katika masoko ya vyakula, waliona maneno hayatoshi. Tangu tarehe 1 Septemba 2021 sheria ikaanza kutekelezwa: anayeacha meza chafu huonywa kwa maandishi mara ya kwanza, na akirudia hutozwa faini ya dola 300 za nchi hiyo. Katika sehemu za kurudishia vyombo wameweka rafu za vyombo vya chakula cha halali kando na vyombo vingine, ili Waislamu wasipate dhiki. Tunaisifu nidhamu hiyo. Lakini Muislamu anayeamini kuwa ataulizwa juu ya neema, kama ilivyokuja mwishoni mwa Sura At-Takathur, hakupaswa kungoja askari wa manispaa.

Tumalizie pale tulipoanzia. Kesho yake baadhi yetu tulirudi kwa yule kijana kumwomba radhi, kwani haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake. Aliona haya kuliko sisi. Alitusamehe, kisha akasema kwa kucheka kwamba hayo ndiyo ya kila siku, na kwamba kwake yeye siku ngumu kuliko zote ni Ijumaa, watu wanapotoka msikitini. Hakukusudia kutulaumu. Alikuwa akitueleza tu habari za kazi yake.

Sisi tunaoita watu warejee katika Qur’ani na Sunna tujue kuwa wahudumu wa migahawa, Waislamu na wasio Waislamu, wanatusikia tukizungumza dini huku tukila, kisha wanabaki na meza zetu. Ijumaa ijayo, kabla hatujainuka, tugeuke tuitazame meza, na tukiokote kila tusichopenda mama yetu akiokote.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyazembea, awalipe kheri wanaotuhudumia, na atujaalie kuwa miongoni mwa waja wake wanaotembea juu ya ardhi kwa unyenyekevu. Amin.

Wabillahi tawfiq.